Kioo cha ajabu kinaweza kutudanganya umbali wa nyota? Mpima ardhi nauliza

Mtu wa Bikoni:

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni upimaji ardhi, hapahapa Dodoma. Anayeujua mji huu wa miaka hii anajua hatupumziki: leo Nala, kesho Ihumwa, keshokutwa unatakiwa Mtumba saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijaanza kuchemsha hewa. Swali langu leo si la viwanja, kwa hiyo naomba msinihamishie jukwaa la utani.

Kwa wasioijua kazi yetu: mashine yangu inatuma mwanga, mwanga unagonga prizimu (kipande cha kioo kilichochongwa kama kona ya chumba), unarudi ulikotoka. Mashine inapata umbali kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi. Shida ni kwamba ndani ya kioo mwanga hujikokota. Kioo chenye kina cha milimita 40, kwa mwanga ni safari ya milimita 60. Kwa hiyo kila prizimu ina namba yake ya kusahihisha, na ukishahesabu na mahali ilipofungwa kwenye fimbo, nyingi tunazotumia ni za kutoa milimita 30.

Niliwahi kuazima prizimu ambayo namba yake si ile niliyozoea, nikapima nusu ya mtaa bila kubadilisha kitu. Majirani wawili nusura watwangane kwa ajili ya sentimita tatu. Nilirudia kazi yote kwa gharama zangu.

Sasa juzi tunafungasha vifaa, kijana wa chuo anayenishikia fimbo akaniambia amesoma kuhusu vioo vipya vinavyotengenezwa maabara, vinaupinda mwanga upande wa kinyume kabisa na kioo tulichozoea. Akauliza: "Kaka, kama hiki kioo cha kawaida kinatuibia milimita 30, hicho cha ajabu kikiwekwa kwenye darubini si kitatuibia miaka ya nuru?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Wajuzi karibuni.

Zabibu Chungu:

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, kabla ya nyota: kiwanja changu cha Nala ulipima wewe? Maana kila mwaka kinapungua.

Mtu wa Bikoni:

Kinapungua kwa sababu jirani yako anasogeza michongoma, si kioo.

Ticha Kongwa:

Nafundisha fizikia sekondari, nitajaribu. Swali la kijana ni zuri kuliko linavyoonekana, ila limebeba dhana moja ambayo lazima tuitoe kwanza: kwamba nyota hupimwa kama kiwanja, yaani unatuma mwanga na kusubiri urudi. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa nyota. Nyota ya jirani kabisa baada ya jua iko zaidi ya miaka 4 ya nuru, yaani mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 4 kutufikia. Ungetuma leza leo, ungesubiri zaidi ya miaka 8, na nyota yenyewe haina prizimu.

Kitu cha mbali tunachokipima kwa mtindo wako ni mwezi. Mwaka 1969 wale wa Apollo 11 waliacha pale juu sahani yenye prizimu 100 za kioo cha kwatzi, na leza inarushwa kutoka duniani inarudi baada ya sekunde 2 na nusu hivi. Kwa njia hiyo tunajua mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Hapo hesabu ni ileile yako: kina cha kioo lazima kitolewe. Na hewa pia. Hewa ya dunia peke yake, ukitazama juu moja kwa moja, inaongeza zaidi ya mita 2 kwenye umbali. Wasipoitoa, sentimita 3.8 haionekani hata kidogo.

Nyota zinapimwa kwa pembe, au kwa ung'avu. Kwa hiyo kabla ya kuogopa kioo chochote, uliza: hapa tunapima muda, pembe, au ung'avu? Kioo kilekile kinaweza kuwa mwizi kwenye kimoja na kisiwe na hatia kwenye kingine.

Mbuyu Mkavu:

Haya, mmeanza na hizo za kwenda mwezini. Mtu mzima anaamini sahani ya vioo imekaa juu huko inasubiri leza. Wamarekani wanasema, nyie mnameza.

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Mimi ndiye kijana wa fimbo, nimeuona uzi wa bosi wangu nikajiunga.

Mkuu Mbuyu, Wasovieti nao waliweka za kwao, zilizotengenezwa Ufaransa, kwenye magari yao ya Lunokhod. Lunokhod 1 ilitua mwaka 1970, baadaye mahali pake halisi pakapotea, leza zikawa hazipati jibu. Mwaka 2010 picha za chombo kinachozunguka mwezi zikaonyesha ilipo, wakalenga, mwanga ukarudi. Enzi zile Moscow na Washington hawakuwa watu wa kusaidiana kudanganya.

Mbuyu Mkavu:

Sawa, nasoma tu. Sijasema nimekubali.

Fundi Miwani:

Jamani na mimi niingie, nina duka la miwani Majengo. Hivyo vioo "vya ajabu" kwetu vina hadithi ndogo ya kila siku. Mteja mwenye namba kubwa anataka lenzi nyembamba, asionekane amevaa vitako vya chupa. Tunampa plastiki inayopinda mwanga zaidi: namba ya kupinda mwanga ya plastiki ya kawaida ni 1.5, hizi nyembamba ni 1.67 hadi 1.74. Anafurahi. Baada ya wiki anarudi: "Dada, mbona taa zina upinde wa mvua pembeni?" Ni kweli, kwa sababu plastiki hizo zinaachanisha rangi kuliko zile nene. Nyekundu inapinda kidogo, buluu inapinda zaidi. Ukipunguza unene unalipa kwa rangi.

Kwa hiyo swali langu kwa Ticha: hicho kioo kikiharibu rangi, si umbali utaharibika pia?

Ticha Kongwa:

Dada yangu, umegusa penyewe. Inategemea tena unapima nini.

Tuanze na pembe. Mtu wa Bikoni analijua hili kuliko mimi: unasimama kituo cha kwanza, unalenga mlima, unahamia kituo cha pili, unalenga tena, pembetatu inakupa umbali bila kuupanda mlima. Kwa nyota, vituo viwili ni dunia yenyewe Januari na dunia yenyewe Julai, ikiwa upande wa pili wa jua. Msingi wa pembetatu ni kilomita milioni 300. Nyota ya karibu inaonekana kusogea kidogo mbele ya nyota za mbali. Huo msogeo ndio paralaksi.

Wa kwanza kuchapisha jibu la kuaminika alikuwa Friedrich Bessel, mwaka 1838, kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Alipata theluthi moja ya sekunde ya pembe hivi. Nyuzi moja ina sekunde 3,600, piga picha hiyo. Na darubini yake, dada Fundi utaipenda: ilibuniwa na Joseph Fraunhofer, mtengeneza vioo wa Ujerumani, na lenzi yake kubwa ilikuwa imekatwa nusu kwa nusu. Unatelezesha nusu moja pembeni ya nyenzake hadi picha za nyota mbili zigongane, halafu unasoma skrubu umetelezesha kiasi gani.

Zamani zile, vioo vya Fraunhofer ndivyo vilikuwa "vioo vya ajabu". Aliviboresha vikawa safi na vya kutabirika kuliko vya wenzake. Na ona, havikuiba umbali. Ndivyo vilivyotupa umbali wa nyota kwa mara ya kwanza. Kwa nini havikuiba? Kwa sababu nyota ya karibu na ya mbali zote mwanga wake ulipita kwenye kioo kilekile. Kama kioo kinasogeza kila kitu kwa kiasi kilekile, tofauti kati yao inabaki.

Fundi Miwani:

Alikata lenzi kubwa katikati kwa makusudi! Mimi nikivunja moja ya 1.74 nalia siku mbili.

Mtu wa Bikoni:

Ticha hapo kwenye "kwa kiasi kilekile" ndipo penye kesi. Machoni petu kifaa hakisogezi vitu kwa kiasi kilekile saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Jua likiipiga mashine upande mmoja, upande huo unatanuka, pembe inahama. Ndiyo maana tunasimamiwa mwavuli, watu wanadhani tunadeka.

Ticha Kongwa:

Hasa. Mwaka 1919, safari ile ya kupima mwanga wa nyota unavyopindwa na jua wakati wa kupatwa, kundi la Sobral, Brazili, lilikumbwa na hilohilo. Kioo cha kuakisi mbele ya darubini yao moja kilipata joto la jua, picha zikapoteza ukali. Walikuwa na darubini ya pili, ndogo, ndiyo ikawaokoa. Mwavuli wako una historia.

Babu wa Bahi:

Wanangu, nawasoma tangu jana. Mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema. Mnazungumza nyota za Wazungu zenye namba, 61 sijui nini. Kilimia je, lile fungu dogo la nyota? Sisi huku Bahi tulilima kwa Kilimia. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Novemba kikitoka upande wa mashariki giza linapoingia, unajua majembe yawe tayari. Hicho Kilimia kiko mbali kiasi gani, na walikipima na nini?

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Shikamoo babu.

Babu wa Bahi:

Marahaba. Jibu.

Ticha Kongwa:

Shikamoo mzee. Umechagua mfano ambao wataalamu wenyewe waligombania karibu miaka ishirini.

Mwaka 1989 Ulaya walirusha setilaiti ya Hipparcos, ya kwanza kupima paralaksi kutoka nje ya hewa. Ikapima nyota zaidi ya 118,000. Majibu yalitoka mwaka 1997, Kilimia kikawa miaka ya nuru 385 hivi. Wanaosoma nyota kwa rangi na ung'avu wakapiga kelele: haiwezekani, kwa hesabu zao kilikuwa mbali zaidi. Kama Hipparcos ingekuwa sahihi, nyota za Kilimia zingekuwa hafifu kuliko nadharia inavyosema, na ingebidi vitabu vya jinsi nyota zinavyowaka vifunguliwe upya.

Hesabu za Hipparcos zikarudiwa zote, Kilimia kikasogea kidogo tu, kama 392. Darubini ya Hubble ikapima nyota chache, ikasema mbali zaidi. Mwaka 2014 darubini za redio zilizosambazwa mbalimbali duniani zikasema miaka ya nuru 444. Mwaka 2018 setilaiti mpya, Gaia, ikatoa jibu lake: kama hilohilo, 444. Mjadala kwa sehemu kubwa ukafungwa.

Sasa tazama ukubwa wa ugomvi huo kwa pembe. Tofauti ya 392 na 444 ni kama elfu moja ya sekunde ya pembe. Mzee, chukua unywele mmoja, mtu ausimamishe Mtumba, wewe uutazame ukiwa katikati ya mji, kilomita 17. Upana wa unywele huo ndio walikuwa wanagombania.

Babu wa Bahi:

Kwa unywele huo tungekosa mvua?

Ticha Kongwa:

Hapana mzee, mvua ingekuja vilevile.

Zabibu Chungu:

Babu kamaliza uzi. Fungeni.

Mtu wa Bikoni:

Hatufungi, ndiyo kwanza patamu. Ticha, hiyo Gaia imetengenezwa na nini mpaka ione unywele huo? Maana chuma kingetanuka zaidi ya hapo mtu akipumua tu karibu.

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Niachie hii nimeisoma. Fremu yake na vioo vyake ni silikoni kabaidi, ule mchanganyiko wa silikoni na kaboni tunaoujua kwenye mawe ya kunolea. Ni mgumu, unatanuka kidogo sana, na joto linasambaa ndani yake haraka, kwa hiyo hakuna upande mmoja wa moto na mwingine wa baridi. Bosi, ule ni mwavuli uliochongwa ndani ya mashine. Na mwavuli wenyewe upo pia, ngao ya mita 10 upande wa jua.

Gaia, hadi ilipozimwa mwaka 2025, ilikuwa inatazama pande mbili kwa wakati mmoja, pembe kati yake nyuzi 106.5, na ilijizungusha mara moja kila saa 6. Pembe hiyo ingetikisika, paralaksi zote zingechafuka. Na ilitikisika. Kifaa cha leza kilichowekwa ndani kuilinda kilionyesha pembe inapanda na kushuka kwa kiasi cha elfu moja ya sekunde kila mzunguko. Zaidi ya walivyotarajia. Ilibidi waitoe kwenye hesabu, kama wewe unavyotoa milimita 30.

Mtu wa Bikoni:

Elfu moja ya sekunde, yaani ule ule unywele wa Kilimia! Kwa hiyo mashine ilikuwa inayumba kwa kiasi kilekile walichokuwa wanagombania. Walijuaje kwamba baada ya kutoa hakuna mabaki? Sisi tunarudi kwenye bikoni ya kuanzia, ile alama ya ardhini tulipoanza kupima, kuona kama namba zinakubaliana. Usipofunga, kazi haina maana.

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Wana bikoni. Zinaitwa kwesa, viini vya galaksi za mbali mno, mabilioni ya miaka ya nuru. Kwa umbali huo paralaksi lazima iwe sifuri. Gaia ilipozipima zikatoka si sifuri: kwenye orodha ya mwaka 2020 wastani ulikuwa pungufu kama sehemu 17 za milioni ya sekunde. Hayo ndiyo mabaki. Kwa Kilimia ni kitu kidogo, asilimia 0.2. Lakini kwa nyota ya miaka ya nuru 10,000, usipoyarekebisha unakosea kwa asilimia 5.

Mtu wa Bikoni:

Nimeelewa zaidi kwa post hii moja kuliko kwa semina niliyowahi kulipia. Makosa ya kifaa yapo palepale, kinachokua ni umbali. Hata sisi.

Halafu wakuu, jana nimefanya jaribio. Nina kile kipima umbali kidogo cha mkononi chenye leza nyekundu, cha mafundi wa nyumba. Nikaweka mezani, nikalenga ukuta, nikasoma. Kisha nikaazima tangi la samaki la jirani (samaki wakahamia ndoo, walinilaani), nikalijaza maji safi, nikaliweka katikati ya njia ili leza ipite ndani sentimita 40 za maji. Ukuta haujahama. Kipima kikasema umesogea nyuma sentimita 14.6.

Hesabu ya shule: maji yanarefusha safari ya mwanga mara 1.333, kwa hiyo 40 mara 0.333 ni 13.3 hivi. Kuta mbili za kioo za milimita 5 zinaongeza nusu sentimita. Jumla 13.8. Mimi nimepata 14.6, na nimerudia mara sita. Milimita 8 zimetoka wapi? Kipima hakikosei kiasi hicho.

Fundi Miwani:

Samaki wamekupiga dua mbaya.

Ticha Kongwa:

Mtu wa Bikoni, hizo milimita 8 ni zawadi. Zinajibu swali la kwanza la uzi huu.

Namba 1.33 ya vitabuni inaeleza mwendo wa wimbi moja la rangi moja safi, kilele hadi kilele. Lakini kipima chako hakifuati kilele kimoja. Kinautikisa mwanga, kinauwasha na kuufifisha kwa mpangilio, na kinafuatilia huo mpangilio unarudi lini. Mpangilio unabebwa na kundi la mawimbi yenye rangi zinazotofautiana kidogo sana, na kwa sababu maji yanazichelewesha rangi kwa viwango tofauti (upinde wa mvua wa wateja wa dada Fundi), kundi zima linatembea polepole kuliko kilele kimoja kimoja. Kwa mwanga mwekundu majini, namba ya kundi ni kama 1.35. Fanya: 40 mara 0.35 ni 14.0, ongeza kioo nusu sentimita, 14.5. Umepima kitu ambacho wanafunzi wangu huambiwa tu.

Sasa kile kioo cha kinyume. Mwaka 1967 Mrusi, Victor Veselago, aliandika kwamba sheria za fizikia hazikatazi kuwepo kwa kitu ambacho namba yake ya kupinda mwanga ni hasi. Hakuna aliyekuwa nacho mkononi. Mwaka 2000 kundi la David Smith huko Marekani likatengeneza, kwa mawimbi ya mikrowevu, kwa kupanga nyaya na vipete vidogo kuliko urefu wa wimbi lenyewe. Vitu hivyo vinaitwa metamateria. Tabia haitoki kwenye madini yake, inatoka kwenye mpangilio.

Kijana wa fimbo anawaza: kama 1.33 imeongeza sentimita 13, basi hasi 1 itapunguza, ukuta utaonekana umekuja karibu. Haiwi hivyo. Ndani ya kitu hicho ni vilele vinavyorudi nyuma. Kundi linalobeba nguvu na habari bado linakwenda mbele, na haliupiti mwendo wa mwanga wa ombwe. Umewahi kuona gari la harusi lililofungwa taa zinazokimbizana? Taa zinaweza kuonekana zinakimbia kuelekea nyuma ya gari, ila bibi harusi anaelekea ukumbini, mbele. Kipima chako kinamsubiri bibi harusi. Kwa hiyo hata ukiweka kioo cha namba hasi mbele ya leza, kitachelewesha tu.

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea upande.

Ticha Kongwa:

Upande, ndiyo. Kuuliza hukukosea.

Fundi Miwani:

Turudi kwenye darubini. Nimesikia wameshatengeneza lenzi bapa kabisa, kama karatasi.

Mwanachuo Ng'ong'ona:

Zipo. Kundi la Harvard lilionyesha mwaka 2016 lenzi bapa inayokusanya mwanga kwa vinguzo vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2024 watu wa hukohuko wakatoa ya kioo kitupu yenye upana wa sentimita 10, vinguzo vyake bilioni 18.7, wakapiga picha za jua na mwezi. Kasoro ni ile ya wateja wako kwa ukali zaidi: ilitengenezwa kwa rangi moja nyekundu. Rangi nyingine zinakusanyika mahali pengine.

Ticha Kongwa:

Na hapo ndipo ung'avu unapoingia. Njia ya tatu ya umbali ni kama kutazama taa ya bodaboda usiku kwenye barabara ya Kondoa: ukijua taa ina nguvu gani, ufifi wake unakuambia iko wapi. Henrietta Leavitt mwaka 1912 alionyesha kwamba kundi la nyota zinazopanda na kushuka ung'avu, Sefeidi, mwendo wa kupanda na kushuka unasema nguvu yao halisi. Kwa hizo tunafika galaksi nyingine.

Hapa kioo kibaya kinaweza kuiba kweli. Kikimeza asilimia 10 ya mwanga bila wewe kujua, kila nyota utaisukuma mbali kwa asilimia 5 na zaidi kidogo. Kikimeza buluu kuliko nyekundu, utadhani nyota zina rangi nyingine na utarekebisha vibaya. Ulinzi wake ni kutazama nyota za kiwango (ambazo ung'avu wao unajulikana tayari) kwa darubini ileile, kisha kulinganisha. Na ulinzi mzuri zaidi ni kubadilisha kioo. Hubble ina kioo cha mita 2.4, kimepakwa alumini. Darubini ya James Webb ina vipande 18 vya berili vilivyopakwa dhahabu. Vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Webb ilipotazama Sefeidi zilezile ambazo Hubble ilizipima, umbali ukatoka uleule. Wale waliotumaini kwamba ugomvi wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu (kwa kipimo chao wengine wanapata 73, wengine 67) ni kosa la kioo cha Hubble, wakabaki mikono mitupu.

Mtu wa Bikoni:

Mstari mmoja, mashine mbili za watengenezaji tofauti. Hapo hata mahakama ya ardhi inaelewa.

Mbuyu Mkavu:

Haya mimi nina swali la kweli, si utani. Mnalinda kioo cha darubini kwa mwavuli na dhahabu. Lakini katikati hapo, kati yetu na nyota, kuna nini? Mimi nikisimama nyumbani Septemba, upepo ukivuma, milima siioni kabisa. Haijahama. Ni vumbi.

Ticha Kongwa:

Mbuyu, leo umetoa majani.

Hilo ndilo lililowapiga wataalamu hadi mwaka 1930, Robert Trumpler alipoonyesha kwamba anga kati ya nyota si tupu, ina vumbi, na makundi ya nyota ya mbali yalikuwa yanapimwa mbali kuliko yalivyo. Vumbi linafifisha nyota na kuifanya nyekundu, kama jua la magharibi huku kwetu wakati wa kiangazi. Leo wanapima wekundu huo na kurudisha nyuma. Ukiniuliza ni kitu gani "cha ajabu" kimeiba umbali mwingi zaidi kwenye historia ya elimu ya nyota, sitataja metamateria. Vumbi.

Na kuna kingine: elektroni huru zilizotawanyika kati ya nyota. Palsa, nyota zinazopiga mapigo ya redio, ziligunduliwa na Jocelyn Bell mwaka 1967. Pigo moja linaondoka lote pamoja, lakini masafa ya chini yanafika yamechelewa. Kwa palsa ya Kaa, mawimbi ya megahezi 400 yanafika kama sekunde moja na nusu nyuma ya yale ya masafa ya juu kabisa. Huo ucheleweshaji hawaufuti, wanausoma: unawaambia elektroni ngapi ziko njiani, na kwa hizo wanakadiria umbali.

Mtu wa Bikoni:

Yaani ni tangi langu la samaki, ila wao wanajua sentimita 14.6 na hawajui ukuta uko wapi.

Na hewa yetu pia nisiisahau. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee, hewa nyepesi. Mashine ikiwa bado na namba za pwani na nyuzi 15, mimi nikapima kwenye nyuzi 30 hapa, kila kilomita inaharibika karibu sentimita 5. Nimewahi kukuta mashine ya mtu imewekwa namba za Dar, na yuko Chamwino anapiga kazi kwa raha zake.

Zabibu Chungu:

Sasa naelewa kiwanja changu.

Mtu wa Bikoni:

Kiwanja chako ni mita 20. Kwa mita 20 hewa inakosea milimita moja. Kaangalie michongoma.

Babu wa Bahi:

Jana usiku nimetoka nje nikakitazama. Nyota sita, ya saba siioni tena, zamani niliiona. Mjukuu anasema ni macho. Fundi Miwani, duka lako Majengo liko karibu na nini?

Fundi Miwani:

Babu njoo na mjukuu, uliza watu wa sokoni watakuonyesha. Nitakupima bure. Ila ya 1.74 sikupi, utaona Kilimia kina upinde wa mvua.

Mtu wa Bikoni:

Samaki wamerudi kwenye tangi. Mmoja bado ananitazama vibaya.